Je, madaraka husambaa yenyewe kadiri jamii inavyokua?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Uraia katika shule ya sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Nimezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba zamani mamlaka yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na kwamba kadiri jamii inavyoendelea ndivyo yanavyosambaa kwa watu wengi. Babu yangu, ambaye amevuka miaka tisini, hakubaliani nami. Anasema mtawala wa zamani hakuthubutu kuamua jambo kubwa bila wazee, lakini leo mambo ya kijiji yanaamuliwa na watu ambao kijiji hakijawahi kuwaona. Nani kati yetu yuko sahihi, na niwaeleze nini wanafunzi wangu?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nimekaa na swali lako kwa wiki nzima, kwa sababu nami niliwahi kuulizwa swali la aina hiyo na mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Mwanza, miaka mingi iliyopita, na jibu nililompa lilikuwa jepesi kuliko lilivyostahili kuwa. Nilimwambia kwamba historia inaelekea kwenye uhuru wa wengi, naye akaandika daftarini kama nilivyosema. Leo nisingemjibu hivyo. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi watu wanaoshiriki kuamua mambo ya umma ni wengi zaidi kuliko walivyokuwa miaka mia mbili iliyopita, lakini si kweli kwamba walifikia hapo kwa sababu tu jamii zao zilikua. Madaraka husambaa pale ambapo watu wa kawaida wanashika kitu ambacho mtawala hawezi kukikosa, nao wakawa na chombo cha kukizuia kwa pamoja. Kitu hicho kikiwaponyoka, madaraka hurudi juu, hata kama jamii ina lami, umeme na vyuo vikuu.

Tuanze na babu, maana ushahidi wake uko karibu. Usukumani, ng'ambo ya maji kutoka kwenu, hapakuwa na dola moja bali tawala ndogo ndogo nyingi, kama vile Nera, Bukumbi na Usmao, kila moja ikiwa na ntemi wake. Jina hilo wazee wengi hulifasiri kutokana na kutema, yaani kukata, wengine wakisema ni kukata msitu ili watu wapate makazi, na wengine wakisema ni kukata mashauri. Ntemi alikuwa na hadhi kubwa, kwa kuwa alihusishwa na mvua, na mbegu, na afya ya nchi nzima. Hata hivyo hakujiweka mwenyewe. Alichaguliwa na kusimikwa na banang'oma, wazee wa ngoma ya kitemi, na nchi ilipoharibika aliweza kuondolewa. Kijijini alikuwapo ng'wanangwa aliyemwakilisha, lakini pembeni yake alikuwapo pia nsumba ntale, kiongozi wa vijana, ambaye nguvu yake haikutoka kwa ntemi hata kidogo. Ilitoka kwenye jembe. Vijana ndio waliolima kwa ushirika na kufanya kazi nzito za kijiji, kwa hiyo mtu aliyeikaidi jamii, hata akiwa na zizi lililojaa ng'ombe, aliweza kuamka siku moja akakuta hakuna anayekuja shambani kwake.

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho mara nyingi tunakisahau tunapofundisha: ardhi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wachache. Mkulima aliyechoshwa na ntemi alichukua jembe, mifugo na familia yake akahamia kwa ntemi jirani, ambaye alimpokea vizuri kwa sababu utajiri wa tawala hizo ulikuwa watu. Ntemi aliyewaelemea watu wake alijua kwamba angebaki na ngoma yake na nchi tupu. Kura hawakuwa nayo, lakini miguu walikuwa nayo, na ntemi aliihesabu.

Hadi hapa babu ana haki. Lakini asiifanye zamani kuwa pepo, kwa kuwa sauti ya mwanamke barazani haikuwa sawa na ya mwanamume, na ziwa hili hili lina mifano inayokwenda kinyume na Usukuma. Kaskazini, katika Buganda, nguvu ya kale ilikuwa mikononi mwa bataka, yaani wakuu wa koo walioshika ardhi za mababu. Kadiri nchi ilivyopanuka, ikapata barabara zinazoelekea ikulu, majeshi na misafara ya mitumbwi ya vita, Kabaka, yaani mfalme, aliwaweka pembeni bataka na kuwateua machifu wake, bakungu na batongole, ambao vyeo vyao vilitegemea ridhaa yake. Kufikia enzi ya Mutesa wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884, hii ilikuwa mojawapo ya jamii zenye mpangilio mkubwa zaidi katika Maziwa Makuu, na ukuaji wake ulikuwa umeyakusanya madaraka badala ya kuyasambaza. Wakati huo huo, mashariki ya ziwa, Wakuria waliendesha mambo yao kwa mabaraza ya wazee na kwa rika, bila mfalme yeyote. Mwanafunzi akiyaweka haya matatu kwenye ramani moja ataona mwenyewe kwamba hakuna ngazi moja ambayo kila jamii huipanda.

Kisha ikaja serikali ya kikoloni. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaja Waingereza, ambao chini ya Gavana Donald Cameron walitunga sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926. Kwa maneno yao, walikuwa wanawatawala watu kupitia watemi wao wenyewe. Kwa vitendo walimpa ntemi mshahara, mahakama, askari na daftari la kodi, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa kuwa mtu ambaye jana aliwaogopa banang'oma na vijana wenye majembe sasa alimwogopa Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, peke yake. Ngoma ilibaki ile ile na kiti kilibaki kile kile, lakini uzi uliomfunga kwa watu ulikuwa umekatwa. Babu yako alizaliwa wakati utaratibu huo umekwishasimama, kwa hiyo naamini kwamba mengi anayoyasimulia kuhusu uzito wa wazee aliyapokea kutoka kwa baba yake, nayo ni hazina kwelikweli.

Watu walirudishaje sehemu ya madaraka yao? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jibu lake ni la huku kwetu kabisa, nalo ni mzani wa pamba.

Fikiria mkulima anayefika kituo cha kununulia na pamba yake aliyoivuna na kuichambua pamoja na mkewe na watoto. Mzani ni wa mnunuzi. Anayesoma mshale wa mzani ni karani wa mnunuzi. Anayetaja bei, anayehesabu fedha na anayetangaza kwamba pamba hii ni chafu ni huyo huyo, na mkulima hana pa kwenda kulalamika, kwa maana ntemi wake ndiye anayemlazimisha kulima. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa ya miaka na miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa wakafanya jambo dogo ambalo lilikuja kuwa kubwa: waliweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma mzani, wakawalipa kwa michango yao, nao wakasimama kando ya karani na kutaja uzito kwa sauti. Sijui tendo lingine la kisiasa katika historia ya mkoa huu linalozidi lile kwa uzuri, ingawa halikumtaja mtawala hata mmoja.

Kutoka kwenye mzani vikazaliwa vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Cooperative Unions, huku Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika, akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Katika muda mfupi ushirika huo ulikuwa unanunua pamba ya jimbo na kumiliki vinu vya kuchambulia. Tazama jinsi madaraka yanavyotembea. TANU ilianzishwa Julai 1954, na muda si mrefu ikakatazwa kufanya kazi Usukumani hadi mwaka 1958, lakini ushirika haukuwa rahisi kufungwa, kwa sababu serikali yenyewe ilihitaji pamba na kodi zake. Ndani ya vyama vya msingi, watu ambao hawakuwa na kura katika nchi yao walijifunza kumchagua mwenyekiti, kumhoji mweka hazina na kukataa hesabu isiyoeleweka. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipolikataa baraza la wilaya lililoundwa bila ridhaa yao, serikali ilikabiliwa na umma ambao tayari ulikuwa umezoea mikutano.

Nchi za Ulaya hazikutofautiana sana na hapo katika kiini cha jambo. Wakuu wa Uingereza walimbana Mfalme John mwaka 1215 kwa sababu alihitaji fedha zao kwa vita. Karne nyingi baadaye, mwaka 1832, wenye viwanda na biashara walipanuliwa mlango wa kupiga kura, na wanawake hawakupata kura iliyo sawa na ya wanaume hadi mwaka 1928. Ni zaidi ya miaka mia saba, na kila hatua ilikuwa na kundi lililoshika kitu kinachohitajika, iwe ni kodi, kazi ya viwandani au uaskari. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba wenzetu walipewa kwa kuwa walistaarabika mapema.

Baada ya uhuru sisi tulikwenda mbele na nyuma. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa yakachukua nafasi. Mwaka 1972 ulikuja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na jina hilo huwachanganya wanafunzi kila mwaka, kwa kuwa mpango wenyewe uliyafuta mabaraza ya kuchaguliwa ya wilaya na kuwaleta mikoani maofisa waliowajibika kwa serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Ni kweli vilikuwa vimeingia doa, kwa kuwa ofisi zake kubwa zilikuwa zimejitenga na mkulima, lakini dawa iliyotolewa ilimwondolea mkulima chombo chenyewe. Sheria za mwaka 1982 ziliandaa kurudi kwa serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikafanya kazi tena kuanzia mwaka 1984. Leo Ibara ya 146 ya Katiba inasema kwamba madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo yangekusaidia sana darasani. Kukasimu ni kumpa mtu kazi uifanyayo wewe, nawe unabaki na uwezo wa kumnyang'anya kesho asubuhi. Kugatua ni kuyaachia madaraka kwa sheria, yakawa ya mwingine, naye akawajibika kwa watu waliomchagua na si kwako. Kuna na jambo la tatu ambalo si lolote kati ya hayo, nalo ni kuisogeza ofisi karibu na watu. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, mkazi wa Chato aliyekuwa na shida ya ngazi ya mkoa alipunguziwa safari, na hilo ni jema, lakini Mkuu wa Mkoa na wakuu wa wilaya bado huteuliwa na Rais. Uganda imefikisha wilaya zaidi ya 130, na bado uchaguzi wa mabaraza ya vijiji, LC1, haukufanyika tangu mwaka 2001 hadi 2018. Kenya ilichukua njia nyingine: Katiba yake ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa, zikiwamo Kisumu, Homa Bay, Siaya na Migori kwenye ufuko wa ziwa letu, na ikaweka kwamba kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wakenya wenyewe husema kwamba hata ufisadi umegatuliwa, na wana sababu ya kusema hivyo, lakini mwizi aliye Homa Bay angalau anaweza kuangushwa na wapiga kura wa Homa Bay.

Jambo linaloamua zaidi ni mfuko. Tanzania iliifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wanaiita kodi ya kichwa, mwaka 2003, na Uganda ikafuata kwa kodi yake mwaka 2005. Watu walishangilia, nami nilishangilia nao, kwa kuwa nilikuwa nimeshuhudia wanaume wakijificha vichakani mgambo walipopita. Lakini halmashauri zilipopoteza chanzo hicho zilianza kutegemea zaidi ruzuku kutoka hazina, na mkono mtupu haulambwi. Kodi ya majengo, ambayo kwa mji kama Mwanza ingekuwa chanzo cha asili cha halmashauri, ilihamishiwa serikali kuu, na tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Inakusanywa bila usumbufu, hilo halina ubishi. Ila mlipaji aliyekuwa na diwani wa kumuuliza "kodi yangu imetengeneza mtaro upi?" sasa amebaki na namba za tokeni kwenye simu.

Naomba nikueleze nilichokiona kwa macho yangu katika kijiji kimoja cha wavuvi, ambacho sitakitaja. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa chini ya mwembe, juu kidogo ya mwalo, na harufu ya dagaa waliotandazwa juani ilitufikia kila upepo ulipogeuka. Mwenyekiti alisoma ajenda, mtendaji akasoma taarifa, kisha mwenyekiti akatangaza kwamba sasa tuingie mengineyo. Mama mmoja, muuza dagaa, akasimama huku kanga yake imefungwa kiunoni. Alitoa bahasha ndani ya mkoba, akachambua risiti za ushuru moja moja, akazisoma tarehe zake, kisha akauliza kwa nini mapato na matumizi hayajasomwa na tayari tuko kwenye mengineyo. Mwenyekiti alisema muda umekwenda. Mama hakukaa. Akina mama wengine watatu wakasimama karibu naye, wakiwa kimya, halafu wenye mitumbwi, halafu vijana wanaoanua dagaa. Mkutano ukasimama hapo mpaka daftari likaletwa kutoka ofisini, na likasomwa.

Mkutano ule ulikuwa na nguvu kwa sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni sheria, kwa maana mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi ndicho chombo cha juu cha kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi hata kugawa ardhi bila idhini yake. Ya pili ni zile risiti: bila ushuru wa akina mama wale ofisi isingekuwa na hata karatasi. Sheria peke yake ipo katika maelfu ya vijiji ambako mkutano haujaitishwa kwa mwaka mzima.

Usiache pia kuwaonyesha upande wenye giza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanakijiji wa Usukumani na Unyamwezini waliunda sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, wakachagua viongozi wao na hata kumwita mkuu wao mtemi, na mwano, yaani ukelele wa kuita msaada, ulipopigwa usiku kila mwanamume alitoka na silaha yake. Wizi ulipungua. Lakini katika baadhi ya vijiji, mikono hiyo hiyo iliwaua wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Madaraka yalikuwa yamesambaa hadi kwenye kaya ya mwisho, na hapakuwa na hakimu kati ya kundi na ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mahakama, haki ya kukata rufaa na kinga ya mtu mmoja mbele ya wengi ni sehemu ya jambo hili hili, nami huzihesabu pamoja na kura.

Basi wanafunzi wako usiwape mchoro wa mshale unaotoka kwa mmoja kwenda kwa wengi. Wape tawala tatu au nne za kweli, za zamani na za sasa, na kwa kila moja waulize maswali ya nani anashika mfuko, nani anaweza kumwondoa kiongozi bila kuomba ruhusa juu, na mtu asiyeridhika anaweza kukimbilia wapi. Wakijibu hayo kuhusu Nera ya kale, Buganda ya Mutesa, Tanganyika ya mwaka 1926 na kitongoji wanachoishi, watakuwa wamejifunza zaidi ya nilivyomfundisha yule kijana wa kidato cha tano.

Na babu, nakuomba umwulize kitu kimoja kabla ya msimu wa mvua kupita. Nguvu ya Msukuma kumkimbia ntemi ilitokana na upana wa nchi, lakini Ukerewe ni kisiwa, tena chenye watu wengi na mashamba yenye wenyewe tangu zamani. Mtu aliyegombana na Mukama, mtawala wenu wa zamani, alipanda mtumbwi akaelekea wapi, na huko alipokewa na nani? Andika atakachokujibu kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na majina ya mahali.